Tovuti ya Mama Futi

Jumatatu ile, saa mbili kasorobo asubuhi, chai ikiwa bado inafuka mvuke, simu ya mkwe wa Mama Futi ililia mara tatu mfululizo juu ya meza ya kukatia. Mtu wa kwanza alikuwa ameingia kwenye tovuti yao, akachagua pateni ya sketi ya marinda, akalipa na kuipakua. Kabla hawajamaliza kupeana mikono, wa pili alikuwa amechukua blauzi, na wa tatu gauni.

“Huyo wa gauni yuko wapi?” Mama Futi aliuliza.

Mkwe alitazama simu, akataja mji ulio mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Mama Futi akaketi. “Kwa hiyo gauni langu limeshafika huko,” alisema, “na mimi sijavaa hata viatu.”

Mwanawe, fundi rangi, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo zake tayari kwenda kazini. Alicheka mpaka akalazimika kuziweka chini. Yeye ndiye aliyekuwa akisema tangu mwanzo kwamba hakuna mtu mwenye akili zake atakayenunua karatasi asiyoiona, lakini sasa alisogea, akaomba naye ashike simu, na ilipolia kwa mara ya nne mkononi mwake aliruka kana kwamba imemng'ata.

Pateni ni ile karatasi ambayo fundi wa nguo huilaza juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, kisha akafuata na mkasi. Mama Futi amezichora maisha yake yote. Jina lake lilitokana na futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kila siku, kazini, sokoni na hata msibani. Miaka ya karibuni macho yalikuwa yamekataa kutia uzi kwenye sindano, cherehani ikafunikwa kitambaa, lakini mkono wake wa kuchora haukuzeeka. Mkwe wake, karani wa shule, ndiye aliyekaa miezi saba akizihamishia pateni hizo kwenye kompyuta mstari kwa mstari, kwapa kwa kwapa, huku mama mkwe akiwa amesimama nyuma yake akisema hapo umenona, hapo umekonda, futa.

Ilipofika adhuhuri watu arobaini na mmoja walikuwa wameingia na kununua. Mama Futi alikuwa ameanza kusema “wateja wangu wa ng'ambo ile” kama mtu aliyezaliwa nao.

* * *

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba mkwe alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku tu. Alipokuwa akiondoka kwenda shuleni aliacha simu mezani, maana namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye tovuti chini ya neno Msaada, akamsihi mama asihangaike: wakipiga, awaambie atawapigia yeye saa kumi.

Mama Futi alitii kwa wateja wawili. Wa tatu alikuwa fundi mwanamume aliyesema ameshalipa, ameshaingia, lakini haoni pa kuprinti, na mteja wake amekaa hapo mbele yake anatazama saa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu. Mama Futi akashindwa kumwambia asubiri mpaka saa kumi.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakujua pa kuprinti. Tovuti ilikuwa yake kama nyumba ya mtu aliyejengewa akiwa safarini: jina lake liko mlangoni, lakini hajui choo kiko upande gani. Alifikiri kidogo, akavuta karatasi kubwa ya kaki aliyochorea pateni, akachukua penseli.

“Niambie unachokiona,” alisema. “Anza juu kabisa. Usiruke kitu.”

Yule fundi akasoma. Juu kuna picha ya cherehani. Chini yake kuna maneno manne yamepangwa mstari: Nyumbani, Pateni, Zangu, Msaada. Mama Futi akachora. Akamwomba abonyeze Zangu, aseme kinatokea nini. Kikatokea kile alichonunua, na pembeni yake mshale unaotazama chini. Akamwambia aubonyeze. Kisha yule fundi akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba faili limefunguka, kurasa kumi na sita, hili hapa, mama, asante.

Tangu hapo hakuna aliyeambiwa asubiri. Kila aliyepiga aliombwa asome anachokiona, na kila alichosoma kiliongezwa kwenye ile karatasi ya kaki. Mmoja alikuwa anatumia simu badala ya kompyuta, hayo maneno manne hayaoni, ila kuna vistari vitatu kwenye kona. Vistari vitatu vikachorwa. Mwingine alikuwa ameprinti ukurasa mmoja tu, akadhani gauni zima ni kipande cha kola. Mwingine alikuwa amebonyeza mara kumi na tano akiona mashine imegoma, kumbe ilikuwa inajikusanya, na sasa inatema karatasi bila kukoma na mwenye duka amesimama juu yake mikono kiunoni. Mama Futi aliomba kuzungumza na mwenye duka. Haijulikani alimwambia nini, ila wale wawili waliishia kucheka, na karatasi za ziada zikabaki kufungia vitafunio.

Saa kumi mkwe aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama, penseli imechomekwa kwenye nywele, simu imebanwa begani, anaongoza mtu.

“Shuka. Shuka tena. Umepita, rudi kidogo. Hapo. Sasa A iunganishe na A, B na B, kama unavyounganisha bega na bega.”

Mkwe aliitazama ile karatasi ya kaki. Tovuti yake nzima ilikuwa imelala hapo, na kila kona imeandikiwa watu wanapokwama. Aliuliza mama amejifunzia wapi.

“Kwa wanaopotea,” Mama Futi alijibu, akapokea simu nyingine.

* * *

Jumatano saa nne asubuhi alipiga fundi mwanamke kutoka ule mji wa mbali, yule yule wa gauni la kwanza. Hakupandisha sauti. Alisema yeye hushona sare za kwaya, na safari hii amepewa kazi na kwaya ya wauguzi wa hospitali ya mji wao. Jumamosi wodi mpya ya watoto inafunguliwa, wao ndio watakaoimba. Magauni ishirini na manne. Kwa kuwa siku zilikuwa chache, Jumatatu aliprinti pateni, Jumanne akakata yote, na asubuhi hii alikuwa ameshona mawili na kumwita kiongozi wa kwaya ajaribu. Zipu ilikataa katikati ya mgongo. Kiuno kilipanda juu ya mahali pake. Yule muuguzi alijitazama kwenye kioo mbele ya wenzake, akasema hili bila shaka ni la binti yake, na wenzake wakacheka.

“Nimekata vitambaa vya watu ishirini na wanne, mama,” alisema. “Kitambaa kikishakatwa hakirudi.”

Mama Futi aliuliza kitu ambacho fundi yeyote angekiuliza: je, alipima karatasi kabla ya kukata? Lakini lilikuwa swali baya kwa mtu aliyetoka kuchekwa. Yule fundi alisema hakuja duniani jana, na kwamba bibi wa kwenye kompyuta hawezi kumfundisha kupima. Akakata simu.

Kabla ya saa sita sauti yake ilikuwa kwenye kundi la simu la mafundi wa kila aina, ambalo lina watu wengi kuliko kijiji. Aliwaonya wenzake wasinunue pateni za tovuti ile, ni ndogo, zitawaharibia kazi na jina. Wengine sita wakajibu kwamba hata wao: blauzi imebana, sketi imekataa nyonga. Mmoja akaandika kwamba Mama Futi sasa aitwe Mama Inchi, maana futi zake zimepungua. Watu wakaweka vikaragosi vya kicheko.

Fundi rangi aliisikia sauti hiyo akiwa juu ya ngazi. Wenzake waliicheza kwa nguvu hapo chini, bila kujua anayesemwa ni mama yake, na yeye hakuwaambia. Alirudi nyumbani na rangi kwenye paji la uso, akamkuta mkewe ametoka shuleni mapema, ameketi mbele ya kompyuta bila kugusa kitu.

“Ifungeni,” alisema. “Ifungeni leo. Jina la mama limejengwa miaka arobaini, halafu linabomolewa kwa siku tatu na watu wasiomjua.”

Mkewe alisema kosa ni lake. Yeye ndiye aliyechora kwenye kompyuta, na kama kuna mstari umekosea ni wa mkono wake, si wa mama. Alisema hivyo akitazama meza. Alikuwa ameingia katika nyumba ile akiwa na hofu moja tu, ya kuja kumwaibisha mwanamke huyu, na sasa ilikuwa imetimia mbele ya watu wote.

Mama Futi alikuwa anampigia simu yule fundi. Alipiga mara tano bila kupokewa, kila mara akiweka simu chini taratibu na kuishika tena. Mara ya sita ikapokewa.

“Umenisema kwa watu, na una haki,” Mama Futi alisema. “Sasa chukua rula unisaidie.”

Kisha ikasikika droo ikivutwa.

Alimwomba apime robo ya kifua kwenye karatasi ya mbele. Yeye mwenyewe aliijua bila kutazama, sentimita ishirini na tano. Yule fundi akasema ishirini na tatu na nusu. Akamwomba apime mkono kutoka bega mpaka pindo, ambao ni sitini. Hamsini na sita na kidogo. Kutoka bega mpaka kiuno, arobaini na nne. Arobaini na moja na kidogo. Mama Futi aliziandika zote kwenye kaki, akazitazama, na uso wake ukaanza kuchangamka, jambo lililowashangaza mwanawe na mkwe.

“Njooni muone,” aliwaambia. “Mkono ukikosea, hukosea mahali. Kwapa, au shingo. Hapa kila kitu kimepungua, na kimepungua kwa uwiano mmoja. Hakuna binadamu anayeweza kukosea vizuri hivi. Hii ni mashine.”

* * *

Walikwenda wote watatu kwenye duka la steshenari la mtaani. Fundi rangi alibeba pateni ya asili, ile ya kadibodi ngumu, akiwa ameiinua juu ya kichwa kama kipande cha dari. Kulikuwa na foleni: mtu wa barua ya maombi ya kazi, mtu wa cheti cha kuzaliwa, wanafunzi wawili. Mwenye duka, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwaprintia kurasa za kifua cha gauni. Mkwe akaziunganisha kwa gundi ya karatasi hapo hapo kwenye kaunta, na Mama Futi akazilaza juu ya kadibodi.

Zilikuwa ndogo pande zote. Kadibodi ilichungulia kuzunguka karatasi, mahali pengine upana wa kidole kizima.

Mwenye duka aliona macho yote yamemgeukia, akasema mashine yake haijawahi kumla mtu kitu. Mkwe akaomba, kwa heshima, kupita nyuma ya kaunta atazame. Akainama. Palikuwa na kidirisha kidogo kinachofunguka kabla ya kuprinti, ambacho watu hukibonyeza haraka kipite. Ndani yake kulikuwa na kisanduku kimewekwa tiki, na mbele yake maneno: Punguza itoshee karatasi.

“Hiyo ipo siku zote,” mwenye duka alisema. “Watu wanaprinti barua, vyeti, mitihani. Hakuna aliyewahi kulalamika.”

“Barua ikipungua kidogo inabaki barua,” Mama Futi alisema. “Gauni likipungua linakuwa la mtu mwingine.”

Mkwe akatoa ile tiki, akachagua Ukubwa halisi, akabonyeza. Mtu wa barua ya kazi alisahau zamu yake, akasogea aone. Karatasi zikatoka, zikaunganishwa, zikalazwa, na safari hii mstari ulilala juu ya mstari bila kupishana hata unywele. Mkwe alifunika mdomo kwa kiganja. Ile printa ya ofisini kwao shuleni, ambayo aliitumia kujaribia kazi yote, haikuwa na tiki hiyo. Alikuwa amejaribu mlango uliokuwa wazi, akadhani milango yote iko wazi.

Alianza tena kusema kosa ni lake. Mama mkwe alimshika mkono.

“Ulichora sawa, mwanangu. Kumbe hatukuwaambia wageni namna ya kuingia. Hilo ni letu sote.”

Ikabaki swali: utamwambiaje mtu asiyekujua, katika duka usilolijua, atambue kwamba mashine imempunja kabla hajagusa kitambaa? Mwandikie maelezo, mkwe alisema. Mama Futi akasema watu wenye haraka hawasomi maelezo, yeye mwenyewe hasomi. Hapo fundi rangi, aliyekuwa ameegemea ukuta, akakohoa.

“Sisi hupaka kona moja kwanza,” alisema. “Ikikauka, mwenye nyumba anatazama. Akikubali ndipo tunapaka ukuta.”

Mama yake alimgeukia taratibu, akamtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliomba penseli ya mwenye duka. Kwenye mgongo wa karatasi iliyoharibika akachora mraba, kila upande sentimita kumi, na ndani yake akaandika: Nipime kwanza. Nikiwa kumi, kata. Nisipokuwa kumi, usikate.

Mwenye duka aliomba abaki na karatasi hiyo aibandike ukutani. Walimpa, wakachora nyingine.

* * *

Mraba ulikuwa wa wateja watakaokuja. Magauni ishirini na manne yalikuwa yamekatwa tayari.

Waliporudi nyumbani Mama Futi alifunua cherehani kwa mara ya kwanza mwaka huo, mkwe akamtilia uzi, naye akashona kwa kupapasa gauni dogo la majaribio kwa mashuka ya zamani. Kifua kimepungua sentimita sita. Kila ubavu unadai tatu. Basi kila ubavu uongezewe kipande kirefu, upana wa sentimita sita, tatu za kuonekana na moja na nusu kila upande za mshono, kikianzia kwenye pindo la gauni, kikipita kwapani, kikiishia kwenye pindo la mkono. Kiunoni uingizwe mkanda, ili kiuno kishuke mahali pake. Alichora akiongea peke yake, mwanawe akishika taa ya simu ili mama aone mstari, mkwe akifuata nyuma kwenye kompyuta. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Saa kumi na moja jioni pateni ya kuokolea ilikuwa kwenye tovuti, bure, na mraba kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Yule fundi wa mji wa mbali, aliyekwisha kupigiwa simu, alikuwa ameshafika kwenye duka la kuchapisha la mji wake, ambalo hufungwa saa kumi na mbili. Alikuwa amesema kitambaa chake cha buluu kimekwisha, hata kwenye maduka hakipo tena. Mama Futi akamuuliza hao wauguzi sare zao za kazi ni za rangi gani. Nyeupe, akajibu, na papo hapo akaliona gauni akilini. Kiongozi wa kwaya alikuwa na gora zima la kitambaa hicho.

Sasa waliongozana kwa simu, mkwe akiwa mbele ya tovuti, Mama Futi akiwa mbele ya karatasi yake ya kaki, fundi rangi akiwa amesimama katikati kama mwamuzi.

“Usibonyeze bado,” Mama Futi alisema. “Soma kidirisha chote.”

Yule fundi alisoma. Idadi ya nakala. Rangi au nyeusi. Punguza itoshee karatasi, ina tiki.

“Itoe.”

Sauti za pembeni zilisikika. Mwenye duka wa huko alikuwa anasema hiyo haijawahi kutolewa na tafadhali wasimharibie mashine, anataka kufunga.

“Mwambie leo inatoka,” Mama Futi alisema, “na kesho airudishe mwenyewe akitaka.”

Ikatolewa. Ukurasa wa kwanza ukatoka. Walisikia karatasi ikinyooshwa kwenye kaunta, rula ikiwekwa.

“Tisa na nukta nne,” yule fundi alisema. “Bado ndogo, mama.”

Fundi rangi alishika kichwa. Mkwe akapokonya simu bila kuomba radhi, akauliza chini ya pale palipokuwa na tiki kuna nini. Kuna namba, yule fundi akasema. Namba gani? Tisini na nne, na alama ya asilimia. Kutoa tiki kulikuwa kumeacha ile namba ya zamani imekaa pale pale.

“Ifute. Andika mia moja.”

Vidole vikagonga. Mashine ikaguna mbali huko, katika chumba ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukiona. Rula ikawekwa tena. Mama Futi alikuwa ameishika futi yake kwa mikono miwili.

“Kumi,” yule fundi alisema. Akapima upande wa pili. “Kumi. Kumi pande zote.”

Fundi rangi alimkumbatia mkewe akamchafua rangi begani, na mkewe hakujali. Huko kwenye simu mashine iliendelea kutoa karatasi moja baada ya nyingine, na wote wanne wakaisikiliza mpaka ya mwisho.

* * *

Alhamisi na Ijumaa zilipita mbio. Mkwe aliweka mraba kwenye kila pateni, na Mama Futi akampigia kila mteja aliyekwisha kununua, sasa walikuwa sitini na watatu, akamweleza kilichotokea na kumpa upya alichonunua. Wengine walikuwa hawajakata, wakashukuru. Wengine walikuwa wamekata, wakafundishwa kipande cha ubavuni. Wawili walimkatia simu. Mmoja alimwambia maneno ambayo hakuyarudia kwa mtu, akakaa kidogo uani, kisha akarudi kupiga namba iliyofuata.

Jumamosi saa saba mchana ilikuja picha. Wauguzi ishirini na wanne wamepanga safu tatu mbele ya wodi mpya, magauni ya buluu na mstari mweupe unaoshuka kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, mikono yote imeinuliwa juu kwa pamoja. Fundi rangi aliikuza picha kwa vidole, akaisogeza macho ya mama yake yalipo. Kwenye kundi la mafundi yule yule aliyeonya sasa aliandika maneno machache: kosa lilikuwa la mashine, na mwenye pateni alikaa naye kwenye simu mpaka duka likafungwa. Chini yake watu walikuwa wanauliza ile pateni ya mstari mweupe inapatikana wapi.

Jumatatu jioni mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye vumbi la safari kwenye viatu na mfuko mkononi, na alipoamkia tu Mama Futi akaijua sauti. Alikuwa amepanda basi la alfajiri. Alisema alitaka kuja mwenyewe, maana mambo mengine hayasemwi kwa simu, akaanza kuomba radhi kwa yale aliyoyasema mbele ya watu. Mama Futi alimwambia akae kwanza, maji yanakuja, na huo mfuko una nini.

Ulikuwa na gauni moja, la muuguzi aliyekuwa amemwazima kwa siku hiyo. Mama Futi hakulitazama usoni. Aliligeuza nje ndani, kama mafundi wanavyofanya, akapitisha vidole kwenye mishono taratibu, kiunoni, ubavuni, mpaka kwapani. Hapo vidole vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena. Kwenye makutano ya gauni na mkono, katikati ya ule mstari mweupe, kulikuwa na kipande kidogo cha pembe nne, mfano wa kishada cha kurusha, ambacho yeye hakukichora.

“Hiki ni nini?”

Yule fundi akaona haya. Alieleza kwamba wauguzi wale huimba kwa mikono, kila ubeti wanaiinua, na alipojaribu kipande kilivyochorwa gauni zima lilikuwa linapanda. Basi akaweka hicho hapo kwapani, ili mkono ukienda juu gauni libaki chini. Alikifanya Alhamisi usiku bila kuuliza. Kama ameharibu, anaomba asamehewe na hilo pia.

Mama Futi aliingiza mkono wake kwenye mkono wa gauni, akauinua juu kadiri bega lake la kizee lilivyoruhusu. Gauni halikusogea. Akaushusha, akauinua tena. Katika miaka yote ya kuchora alikuwa amewaambia wateja kwamba gauni la kifua kilichobana halitaki mikono juu, chagua moja.

Simu ya msaada ililia mezani. Mkwe akaipokea, akasogea nayo dirishani, akaanza kumwongoza mtu.

Mama Futi alisukuma kando vikombe, mkasi na karatasi zote zilizokuwa juu ya meza ya kukatia, akakunjua kaki mpya kutoka upande huu mpaka ule. Akavuta kiti, kile alichokalia yeye siku zote, akakielekeza kwa mgeni. Kisha akaivua futi shingoni mwake, akamvisha, akamwekea penseli mkononi.

“Chora,” alisema. “Pole pole, nione. Na chini hapo uandike jina lako, litaingia kwenye tovuti.”